Linux kwenye netibuku za okazioni Lubumbashi: zipi zinakaa, zipi zinakwama

Netibuku (laptopu ndogo) nyingi zinazouzwa okazioni, yaani mitumba, mjini Lubumbashi ni za kati ya 2008 na 2012: Acer Aspire One, Asus Eee PC, Samsung NC10, HP Mini, Toshiba NB. Zimeingia kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au ndani ya masanduku ya watu waliotoka Ubelgiji. Nyingi bado zina Windows XP, iliyoachwa 2014, au Windows 7 Starter, iliyoachwa 2020. Mwili mzima, kibodi inaandika, betri ndiyo imekufa. Linux, mfumo endeshi mwingine, inaweza kuzirudisha kazini, ila si kila Linux, na mara nyingi kinachoangusha mashini sicho kinacholaumiwa.

Anza na chaja. Eee PC 901 na 1000H zinataka volti 12, Eee PC 701 inataka 9.5, halafu Eee PC 1005HA na Aspire One ni 19. Sokoni utaambiwa “hii ni ya Asus ndogo” na kupewa yoyote. Zipo pia chaja za volti 18.5 za mashini kubwa ambazo plagi yake inaingia kwenye Eee PC 901 bila kulazimisha, na hapo ubao mama unaungua. Geuza mashini, soma kibandiko cha chini, linganisha na kilichoandikwa kwenye chaja, ndipo uchomeke.

Swali linalofuata ni prosesa, kabla ya jina la distro (aina ya Linux) yoyote. Atom N270 na N280, zilizomo kwenye netibuku nyingi za 2008 na 2009, ni za biti 32 tu. Kuongeza RAM hakubadilishi hilo. Ukiziwekea kle (flash ya USB) yenye mfumo wa biti 64, skrini inaandika “This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU” na mashini inasimama pale. Watu wengi wanadhani kle imeharibika, wanaiandika upya mara kadhaa. Kle haina kosa. Atom N450, N455, N550 na N570, za 2010 na kuendelea, zinakubali biti 64. Ukiwa umeshawasha Linux yoyote, hata ya biti 32, andika:

grep -o -w lm /proc/cpuinfo | head -1

Ikijibu “lm”, prosesa ni ya biti 64. Ikinyamaza, ni 32.

Kuna kundi la tatu la kuogopa kidogo: Atom Z520 na Z530 zenye GMA 500, na N2600 yenye GMA 3600. Chipu za picha za mashini hizo zina asili ya PowerVR, si za Intel wenyewe, na draiva iliyomo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), gma500_gfx, inaonyesha picha tu bila kuharakisha 3D wala video. Kuandika barua kunawezekana. Filamu zinakatika. Kwa bei ile ile, kati ya netibuku ya N2600 na ya N570, chukua ya N570, hata kama ile nyingine ni mpya zaidi kwa mwaka mmoja.

RAM nayo ina ukomo wake. Netibuku za N270 zina nafasi moja ya kijiti cha DDR2 na mwisho wake ni giga 2. Aspire One A110 na A150 za mwanzo zina mega 512 zilizochomelewa kwenye ubao pamoja na nafasi moja, kwa hiyo mwisho ni giga 1.5, tena lazima ubomoe mashini nzima kufika huko. NC10 na Eee PC 1000H zina kifuniko chini: skrubu chache tu. N450 ni DDR2, N455 na N550 ni DDR3, na vijiti hivyo haviingiliani. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua kijiti cha giga 2. Cha pili ni SSD ya SATA ya inchi 2.5. Hata kwa njia ya SATA ya zamani ya gigabiti 1.5 kwa sekunde, mashini haitakaa tena inasubiri diski kila unapofungua programu.

Kuleta ISO bila kumaliza mega

Huku intaneti inanunuliwa kwa mega, na faili la ISO, lenye distro nzima ndani, ni kubwa. Kwa hiyo usipakue distro sita ili “kuonja”. Pakua mbili au tatu zinazoeleweka, ziweke kwenye kle moja, kisha zizunguke kwa watu. Tumia wget -c, kwa sababu mtandao ukikatika, amri hiyo hiyo inaendelea pale ilipoishia. Kivinjari mara nyingi kitaanza mwanzo. Ukimaliza, hakiki kwa sha256sum na ulinganishe na herufi zilizotolewa na wenye distro. Faili lililopungukiwa kidogo linaweza kuwaka vizuri kabisa, kisha likakwama katikati ya usakinishaji na kukuachia diski isiyo na mfumo wowote.

Kle zenyewe zina ujanja. Kle ya “giga 64” ya bei ya kutupa huenda ndani ina giga 8 tu. Sakinisha kifurushi cha f3 kwenye mashini nyingine ya Linux na upime:

sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX

Hiyo inafuta kila kitu kwenye kle, na sdX lazima uithibitishe kwa lsblk kwanza. Ukikosea herufi moja, unafuta diski ya mashini unayoitumia.

Kwa kuandika, Ventoy ndiyo inayofaa zaidi hapa. Unaisakinisha kwenye kle mara moja, halafu unanakili ISO kama faili la kawaida, hata tano kwa pamoja, na mashini ikiwaka unachagua. Netibuku hizi ni za BIOS (programu inayoiwasha mashini) ya zamani, kwa hiyo acha mpangilio wa MBR, usichague GPT. BIOS nyingine za umri huu hazisomi zaidi ya giga 137 kwenye USB. Kle ya giga 16 au 32 haina tatizo hilo. Kama unaandika ISO moja tu, dd inatosha:

sudo dd if=antix.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Usichomoe kle hesabu ya mega zilizoandikwa inaposimama. Subiri hadi amri irudishe mstari wa kuandikia.

Kuiamsha netibuku kwenye kle: Eee PC ni Esc, HP ni F9, NC10 ni Esc, Acer ni F12. Kwa Acer, F12 mara nyingi imezimwa, kwa hiyo ingia kwanza kwa F2 na uwashe “F12 Boot Menu”. Eee PC zina kitu kinaitwa Boot Booster kinachopitisha BIOS haraka kiasi kwamba hakuna kitufe kinachosikika. Ukifanikiwa kuingia F2, kizime. Na kama usakinishaji unaleta “SQUASHFS error”, badilisha kle au tundu la USB kwanza. Ikiendelea, pima RAM kwa memtest usiku kucha. Vijiti vya okazioni vibovu ni vingi kuliko watu wanavyokubali.

Kibodi na saa, vinavyopoteza muda kuliko vyote

Mashini zilizotoka Ufaransa na Ubelgiji zina AZERTY, zilizotoka Afrika Kusini zina QWERTY, na mara moja moja unakutana na QWERTZ ya Uswisi. Distro nyingi zinawaka zikiwa kwenye QWERTY. Kwenye AZERTY, basi, ili upate “a” unabonyeza Q, “m” iko kwenye kitufe cha koma, kistari kiko kwenye kitufe cha “)”, na mkwaju uko kwenye kitufe cha “!” cha Kifaransa. Nenosiri la Wi-Fi lenye herufi hizo litakataliwa mara zote, na mtu ataapa kwamba Linux haijui Wi-Fi yake.

Zaidi ya hapo, AZERTY ya Ubelgiji si ya Ufaransa. Angalia kitufe cha kulia kwa “)”: kikiwa na “=” ni ya Ufaransa, kikiwa na “-” ni ya Ubelgiji. Kwa kujaribu papo hapo, andika setxkbmap be au setxkbmap fr. Kwa kudumu kwenye Debian na jamaa zake:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Fanya hivyo kabla ya kuweka nenosiri wakati wa usakinishaji. Nenosiri lililoandikwa kwa mpangilio mmoja halitafunguka kwa mwingine, na hilo ndilo linalowafanya watu wasakinishe upya mashini nzima bila sababu.

Saa: betri ndogo ya CR2032 ndani ya netibuku ya 2009 imekufa zamani. Kila umeme ukikatika na betri kubwa ikiwa mfu, tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Dalili zake hazifanani na saa hata kidogo. Kivinjari kinasema vyeti vya tovuti si salama, na apt inasema “Release file is not valid yet”. Tengeneza kwa mkono, ukiweka tarehe na saa ya sasa:

sudo date -s "2026-01-20 14:30"
sudo hwclock -w

halafu tafuta CR2032 mpya, ambayo haina gharama kubwa. Kwenye netibuku kadhaa imefungwa kwa plastiki yenye nyaya mbili, si kwenye kikombe. Hapo unahitaji ile yenye nyaya, au mkono mzuri wa kuchomelea.

Kisakinishi kitakuuliza pia saa za eneo. Kongo ina mbili: chagua Africa/Lubumbashi. Ukichagua Africa/Kinshasa, saa itakaa nyuma kwa saa moja, na hata ikijisahihisha mtandaoni itabaki nyuma vile vile. Lugha ukichagua Kifaransa pamoja na nchi ya Kongo, Debian inaweza kukuuliza uchague mkusanyiko wa herufi na desturi. fr_FR.UTF-8 inafaa.

Wi-Fi: yai na kuku

Netibuku nyingi zina kadi za Atheros AR5007EG au AR9285. Hizo zinawaka zenyewe, hazihitaji femwea (programu ndogo inayoendesha kadi yenyewe) ya ziada. Tatizo ni Broadcom BCM4312, iliyomo kwenye Dell Mini na HP Mini kadhaa. Kifurushi chake, firmware-b43-installer, hakina femwea ndani. Kinaipakua mtandaoni wakati wa kujisakinisha. Ndiyo maana mtu anakaa na kle, na kifurushi, na bado Wi-Fi haipo.

Njia fupi ni simu. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio, na Linux inaiona kama kadi ya mtandao bila draiva yoyote. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install firmware-b43-installer

Zima sasisho za kujiendesha kwenye simu kabla ya hapo, la sivyo mega zinagawanywa bila wewe kujua. Kama kadi inaonekana kwenye lspci lakini mtandao hauorodheshwi, andika rfkill list. Kitufe kidogo cha pembeni ya mashini huenda kimezimwa tangu Ulaya. Debian 12 ilikuwa toleo la kwanza ambalo ISO rasmi ilikuja na femwea zisizo huru ndani yake, kwa hiyo kadi za Ralink na Realtek zilizokuwa zinasumbua zamani sasa kwa kawaida zinapita. BCM4312 bado inahitaji simu.

Distro zenyewe

Kwa N270 na N280 orodha imepungua sana. Ubuntu iliacha ISO ya biti 32 ya mezani tangu 17.10. Lubuntu na Xubuntu zilifuata baada ya 18.10. Fedora iliacha kerneli ya i686 kwenye toleo la 31. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya i386, jina la Debian la biti 32. Mafunzo mengi ya mtandaoni bado yanasema “weka Lubuntu 18.04”. Toleo hilo liliachwa 2021, usiliweke kwenye mashini itakayoingia mtandaoni.

Kinachobaki kwa kazi za kweli ni Debian 12 na watoto wake. Debian 12 yenyewe itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi katikati ya 2028. ISO ya netinst ya i386 ni karibu mega 700, halafu inapakua zaidi, kwa hiyo asiye na mega za kutosha anakili kwa mtu aliyenayo DVD-1, inayosakinisha meza nzima (madirisha, menyu na programu zake) bila mtandao. Mahali pa kuwa macho ni orodha ya programu kuelekea mwisho. Ukiacha alama kwenye “Debian desktop environment” bila kuchagua meza nyingine, unapata GNOME, na GNOME kwenye giga 1 ni mateso. Ondoa alama ya GNOME kwa kitufe cha nafasi, weka LXDE. Ikishawaka, LXDE inachukua mega mia mbili na kitu hadi mia tatu za RAM.

antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, ndiyo inayostahili kujaribiwa kwanza kwenye mashini ya giga 1. Inatumia meza nyepesi ya IceWM, inawaka ikiwa imekula chini ya mega 200 kwa kawaida, na inaweza kuishi kwenye kle huku ikihifadhi mabadiliko yako. Kero yake ni kwamba haina systemd, msimamizi wa huduma wa Linux nyingi. Maelekezo ya mtandaoni yanayosema systemctl hayafanyi kazi, tumia service badala yake. Mtandao unashikwa na Connman, si NetworkManager. Wi-Fi ikionekana imelala, andika rfkill unblock wifi kisha connmanctl enable wifi. Sura yake si ya kuvutia na menyu zimejaa kupita kiasi. Mtumiaji akishazoea menyu, hafikirii tena kuibadilisha.

Q4OS yenye meza ya Trinity inampendeza mtu aliyezoea Windows XP. Kitufe kiko pale pale, dirisha linafungwa pale pale. Kwa mzazi au karani asiyetaka kujifunza upya, hiyo inashinda antiX hata kama inakula RAM zaidi kidogo. MX 23 ya biti 32 ni nzuri ukiwa na giga 2. Ukiwa na giga 1, chukua ile ya Fluxbox, si ya Xfce. LMDE 6 nayo ilikuja na biti 32, lakini meza yake, Cinnamon, inategemea 3D na GMA 950, chipu ya picha ya netibuku za N270, haina pumzi hiyo.

Puppy, kwa mfano BookwormPup32, ni ya mashini ambayo diski yake imekufa. Inajinakili kwenye RAM na kle inabaki kama ghala. Kwenye giga 1, kujinakili huko kunakula nafasi ambayo kivinjari kingeihitaji. Ongeza pfix=nocopy kwenye mstari wa kuwasha ili isome kutoka kwenye kle. Mtumiaji wa Puppy kwa kawaida anafanya kazi kama root (mwenye mamlaka yote), jambo lisilofaa kwa mashini inayoguswa na kila mtu. Tiny Core ni ndogo ajabu, mega ishirini na kitu, lakini toleo hilo la msingi halina Wi-Fi. CorePlus ndiyo inayo. Ni ya kujifunzia.

Kwa N450 hadi N570 mambo ni mepesi: Debian 13 ya amd64 (biti 64) na LXQt au LXDE, au antiX ya biti 64, ukiwa na giga 2. Biti 64 inakula RAM zaidi kidogo, lakini itasasishwa kwa miaka mingi zaidi. Epuka Ubuntu na ndugu zake kwenye prosesa hizi. Firefox yao inakuja kama snap (kifurushi kinachobeba vyote ndani yake) tangu 22.04, na kufunguka kwake kwa mara ya kwanza kwenye Atom kunakatisha tamaa. AlmaLinux 9 na jamii yake hazitawaka kabisa. Zinataka x86-64-v2, kiwango cha prosesa mpya zaidi, na Atom hizi hazina SSE4.2 inayohitajika humo. Utaona “Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2”.

Baada ya kuweka na kuondoa distro hizi zote, tofauti kati yao kwenye mashini ile ile ni mega mia moja au mia mbili za RAM. Ukurasa mmoja wa Facebook unazila zote. Kwa hiyo anayeruka kutoka distro hadi distro akitafuta kasi anachosha kle yake bure, maana uzito uko kwenye kivinjari.

Kivinjari ndicho kinachoamua

Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016. Firefox 144 ya 2025 ndiyo ya mwisho ya kawaida kwa biti 32, na ESR 140, tawi la Firefox la mashirika, ndiyo iliyobakizwa kwa muda mfupi. Hii inamaanisha netibuku ya N270 sasa ni mashini ya kuandika, kuchapisha, muziki na kusoma PDF. Si ya kuingilia akaunti za pesa, na distro haiwezi kubadilisha hilo.

Kwa kuvinjari kunakowezekana: weka uBlock Origin, kizuia matangazo, mara moja. Inapunguza RAM, na inaokoa mega kwa kiasi kinachoonekana siku hiyo hiyo. Kwenye about:config shusha dom.ipc.processCount.webIsolated kutoka 4 hadi 1. Kisha weka zram:

sudo apt install zram-tools

na kwenye /etc/default/zramswap andika ALGO=lz4 na PERCENT=50, ambayo ina maana ya kubana kumbukumbu badala ya kuiandika kwenye diski. Zstd inabana zaidi lakini inachosha Atom, kwa hiyo lz4 ndiyo yake. WhatsApp ya kivinjari ni nzito mno kwa giga 1. Wateja wakileta faili kwa WhatsApp, pokea kwenye simu, chomeka kebo, sakinisha jmtpfs, kisha:

mkdir -p ~/simu
jmtpfs ~/simu

Ukimaliza, fusermount -u ~/simu.

Filamu: N270 inamudu 480 bila shida, 720 inarukaruka kwa sababu GMA 950 haisaidii kufungua H.264 hata kidogo. Jaribu kwanza mpv --vd-lavc-fast --vd-lavc-skiploopfilter=all. Ikikataa, ipunguze kwenye mashini yenye nguvu:

ffmpeg -i filamu.mkv -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -profile:v baseline -pix_fmt yuv420p -crf 24 -c:a aac filamu480.mp4

Kabla ya kulaumu chochote, sikiliza feni. Vumbi jekundu la kiangazi linaziba mapezi ya kupoozea, prosesa inajishusha yenyewe, na watu wanasema Linux ni nzito. Sakinisha lm-sensors, andika sensors, na kama joto liko juu ya nyuzi 80 mashini ikiwa haifanyi lolote, fungua na usafishe.

Skrini fupi

1024 kwa 600 ni ndogo kwa madirisha mengi ya mipangilio: kitufe cha “Valider” kinabaki chini, nje ya kioo. Shika Alt, bonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya ndani ya dirisha, livute juu. Kwa programu inayosumbua kila mara:

xrandr --output LVDS-1 --scale 1x1.28 --panning 1024x768

Herufi zinabanwa kwa urefu lakini dirisha lote linaonekana. Jina laweza kuwa LVDS1 bila kistari. xrandr pekee itakuonyesha. Kurudi: --scale 1x1 --panning 1024x600.

Kazi ya sekretariati

Vibanda vya sekretariati karibu na vyuo vinaishi kwa TFC na memwari, yaani tasnifu za wanafunzi wanaomaliza, na hapa netibuku inatosha. Shida inayoleta ugomvi ni fonti. Mwanafunzi ameandika kwa Calibri. LibreOffice isipokuwa nayo inaweka nyingine yenye upana tofauti, kurasa zinaongezeka, jedwali la yaliyomo linakosea. Sakinisha fonts-crosextra-carlito badala ya Calibri, fonts-crosextra-caladea badala ya Cambria, na fonts-liberation kwa Times na Arial. Vipimo vinalingana, kurasa zinabaki pale zilipokuwa.

Printa ya HP LaserJet P1102, ambayo iko karibu kila kibanda, inahitaji hplip na plagini ya ziada inayopakuliwa kwa hp-plugin. Plagini lazima iwe ya toleo lile lile la hplip. Ukisasisha hplip bila plagini, printa inaonekana, kazi inatumwa, karatasi haitoki. Endesha hp-plugin tena.

Ukiwa na mashini zaidi ya moja, usisasishe kila moja kwa mega zake. Weka apt-cacher-ng kwenye moja, na kwenye nyingine unda faili /etc/apt/apt.conf.d/01proksi lenye mstari huu, ukiweka anwani ya ile ya kwanza:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kifurushi kinashuka mara moja tu, zilizobaki zinakichukua ndani ya nyumba.

Na kwa antiX kuna iso-snapshot, kwa MX inaitwa MX Snapshot: mashini ikishakamilika, ikiwa na fonti, printa, kibodi ya Ubelgiji na saa ya Lubumbashi, inageuzwa kuwa ISO unayoiweka kwenye Ventoy na kusakinisha nyingine bila mega hata moja. Chagua mbano wa lz4, xz kwenye Atom inachukua muda mrefu sana, na hakikisha umeme hautakatika katikati. Programu itauliza kama ihifadhi akaunti au iziweke upya. Ukimtengenezea mtu mwingine, chagua kuziweka upya, kwa sababu ile ya kuhifadhi inabeba nyumba yako yote: nyaraka, historia ya kivinjari na manenosiri uliyoyahifadhi.